Nyota Tuliyoiita Mzee

Katika kambi ya Kakuma, netiwaki ya simu ilikuwa na mahali pake pa kupenda. Nyumba ya walimu haikuipenda kabisa. Kwenye uwanja wa shule ilikuja na kuondoka bila kuaga. Lakini mbele ya duka la mama mmoja kutoka Sudan Kusini, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, palikuwa na benchi la mbao lenye mguu mmoja uliofungwa kamba, na ukikaa upande wake wa kushoto uliweza kuongea na mtu wa Nairobi kama vile yuko jikoni kwako. Sijui kwa nini ilikuwa hivyo. Nilikuwa mwalimu wa fizikia na nilipaswa kujua, lakini nilikaa tu nikapiga simu zangu.

Simu zenyewe zilikuwa za masomo. Nilikuwa nafundisha sekondari pale kambini na huku nasomea shahada ya pili kwa mbali, kwa laptopu iliyojaa mchanga chini ya vibonyezo. Msimamizi wangu alikuwa mama wa chuo kikuu huko Nairobi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na ndiye aliyenipa kazi ya upepo wa pulsa. Nyumbani Lodwar waliponiuliza nasomea nini, nilijibu kwamba nasomea upepo, na hakuna aliyeona ajabu. Upepo Lodwar upo wa kumtosha kila mtu.

Nieleze kidogo, maana bila hili kosa langu halieleweki. Nyota kubwa ikimaliza kuni zake hujilipua. Kinachobaki katikati ni kitu kidogo kisichozidi upana wa mji, lakini ni kizito kuliko jua zima, nacho huzunguka kwa kasi ya kutisha na kina sumaku kali. Hiyo ndiyo pulsa. Ni maiti ya nyota, kusema kweli, ila maiti hiyo haijaacha kupuliza. Inatoa upepo wa chembe zenye umeme zinazokimbia karibu sawa na mwanga. Na upepo huo ukiwa safarini hauonekani; unakimbia kimya, gizani, mpaka ukutane na wingu la mabaki ya nyota ile ile. Hapo unapigwa breki ghafla. Mahali hapo pa breki ndipo penye wimbi la mshtuko, na baada ya hapo chembe zinavurugika, zinapata moto, wingu linawaka. Kile watu wanachokipiga picha kwa darubini na kukisifia uzuri ni upepo uliozuiwa.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta mshtuko huo unakaa wapi. Angani unakaa mbali na nyota, kwa heshima zake. Kwenye laptopu yangu ulikuwa unairukia nyota yenyewe shingoni. Sababu ilikuwa sumaku: upepo unaibeba sumaku yake ikiwa imejizungushia kama ukili kwenye kikapu, na upepo ukipunguza mwendo, ule ukili unabana kwa ndani na kuurudisha mshtuko nyuma. Nilibadilisha hiki na kile, mshtuko ukarudi pale pale shingoni. Msimamizi wangu akauliza kila juma, nami nikajibu kila juma.

Yeye ndiye aliyeanza kuiita pulsa "mzee." "Mzee hajambo?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Programu ikigoma, mzee amelala. Ikitoa majibu ya kijinga, mzee amelewa. Nilifurahia sana mchezo huo, kwa sababu mtu anayesoma peke yake Kakuma anahitaji mtu wa kutaniana naye, na kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba neno lina masikio mengine.

Sasa yule mama wa duka. Aliuza sukari, chumvi, sabuni za kukata na samaki wakavu waliotoka Lowarengak, na alikuwa mrefu kiasi kwamba aliinama kuingia dukani kwake mwenyewe. Mumewe alirudi Juba baada ya nchi yao kupata uhuru. Mpango ulikuwa atangulie, ajenge, kisha amwite yeye na watoto. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara. Mwishoni mwa 2012 simu zikakatika, na ile namba ikawa haipatikani.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "wewe uko na watu Juba."

Nilikuwa na mtu mmoja, tuliyesoma naye. Wakenya wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Juba wakati huo. Nikamwambia nitampigia, amuulizie mzee wake. Ndivyo alivyomwita mumewe, mzee, kama wanavyowaita wanawake wengi, na kama nilivyokuwa nikiiita nyota yangu. Alinitajia jina lote la mumewe, la baba na la babu, nikalirudia mbele yake mpaka akaridhika.

Sikupiga. Nasema hivyo bila kujitetea kwa sababu utetezi wenyewe ni wa aibu: nilisahau. Kila nilipokaa kwenye lile benchi nilikuwa nawaza mshtuko wangu, na simu ilipokatika kredi ilikuwa imeisha, nikasema kesho. Ahadi ni deni, nilikuwa nawaambia wanafunzi kila muhula ukianza. Na kila nilipokaa, yule mama aliniletea maji kwa kikombe cha plastiki cha buluu, nikanywa, nikamrudishia kikombe, yeye asiulize. Alikuwa na adabu ya kungoja. Nami nilidhani asiyeuliza hana haraka.

Ilikuwa mapema mwaka 2013, karibu na likizo fupi ya katikati ya muhula. Joto lilikuwa limewanyamazisha hata mbuzi. Nilikaa, akaniletea maji, nikanywa, nikapiga simu Nairobi. Yeye alikuwa nyuma ya kaunta anapima sukari. Msimamizi wangu alikuwa ameona majibu yangu ya mwisho na alikuwa kwenye hali yake ya kucheka.

"Mzee alishakufa kitambo, hilo hatubishani," nilimwambia. "Ulipuko ulimmaliza. Kilichobaki ni upepo wake tu."

Akaniuliza sasa huo upepo mbona haufiki mbali.

"Mshtuko unampata pale pale alipo," nikasema. "Hasogei hata kidogo."

Akaniambia basi nimzike tu nianze upya. Nikacheka kwa sauti.

"Sawa," nikasema, "nitamzika leo leo."

Nilipokata simu, yule mama alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha sukari mkononi. "Malesh, mwalimu," alisema, ndivyo watu wa Juba wanavyosema pole. Nikadhani amesikia nikikaripiwa juu ya kazi yangu na ananihurumia. Nikaguswa hata. Nikamjibu, "Ni maisha, mama. Tutazoea tu." Nikamrudishia kikombe chake nikaenda kufunga mzigo wa Lodwar.

Lodwar nililala vizuri, nikala vizuri, nikakaa na mama yangu kivulini akisuka vikapu vyake vya ukili, na laptopu yangu ikachemka kwa stima ya mji. Sikumkumbuka mwenye duka hata mara moja.

Niliporudi Kakuma nililikuta duka limefungwa. Benchi halikuwepo mahali pake. Nyuma ya duka, uani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na benchi langu lilikuwa pale, limekaliwa na wazee. Yule mama alikuwa katikati ya wanawake. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, na bila nywele alionekana mdogo, kama msichana wa shule.

Nilielewa kwamba ni msiba, na nilipoambiwa ni mumewe nilisikia uchungu wa kweli. Nikakaa nao. Nikatoa rambirambi zangu kwa kirefu, kama mwalimu anavyotoa, nikamwombea marehemu mahali pema. Kisha nikamgeukia mchungaji wao, mzee wa kabila lake aliyejifunzia Kiswahili kambini, nikamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeleta habari.

Mchungaji akanitazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Mwalimu," alisema, "si ni wewe?"

Nikasema mimi sikuleta habari yoyote.

"Ulikaa kwa benchi," alisema mama mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Nakupea maji, unakunywa. Ukasema mzee alikufa kitambo. Ukasema ulipuko. Ukasema utamzika."

Ndipo nikaelewa. Kwao, na kwetu Waturkana pia kwa namna yake, habari ya kifo haitupwi kwa mtu ukiwa umesimama. Mleta habari anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anakunywa, ndipo anasema. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimekunywa. Utaratibu wote niliufuata sawasawa, na kisha nikasema maneno yenyewe, waziwazi, mbele yake, baada ya kumwahidi kwamba nitauliza Juba. Alikuwa na sababu gani ya kushuku?

"Ilikuwa nyota," nikasema.

Mchungaji akanisubiri niendelee.

"Mzee niliyemsema ni nyota. Ni nyota iliyokufa, iko juu, mbali sana. Bado inatoa upepo, na huo upepo wake ndio unaowaka."

Mchungaji akatafsiri. Nilimsikia akilitaja lile neno lao la nyota, na akaonyesha juu kwa mkono. Kisha mwanamke mmoja akasema amina, na wengine wakaitikia, na aliyekuwa ameacha kulia akaanza tena. Walidhani namfariji. Walidhani nasema kwamba marehemu sasa ni nyota mbinguni na roho yake inang'aa. Mchungaji akanishika bega akaniambia ni neno zuri.

Nisingeweza kupata adhabu kali kuliko hiyo. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu wa Mungu. Mama mwenyewe tu ndiye ambaye hakuitikia amina. Alikuwa ananitazama, anachambua.

Kesho yake alikubali tuongee. Sikuwa na ubao, na kwa maneno nilikuwa nimeshashindwa mbele ya kanisa zima, kwa hiyo nikamwomba tufuatane mpaka bombani. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka bombani moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Ukitazama vizuri, pale yanapogonga yanakimbia kwanza pande zote, membamba, laini, kisha ghafla, kwa duara kamili, yanajikusanya na kuwa mazito na yenye fujo. Nikamwonyesha duara lile. Nikamwambia bomba ndiyo nyota yangu, maji haya membamba ndiyo upepo, na hapa yanapokwama ndipo mshtuko. Nikamwambia tumeizoea hii nyota, mimi na mwalimu wangu, mpaka tunaiita mzee kwa mzaha. Wanawake waliokuwa na mitungi foleni wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema maji ni ya kunywa, si ya kuchezea.

Alichuchumaa akaingiza kidole kwenye duara. Duara likavunjika likajiunda upya kando ya kidole.

"Ulicheka," alisema.

"Nilicheka kwa sababu ya nyota."

"Mimi nilisema, labda mwalimu anacheka kwa sababu hajui kulia mbele ya watu." Akainuka, akajifuta kidole kwenye kitenge. "Sasa mzee wangu iko wapi?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba mumewe hakufa, lakini kwa kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba mimi sikuwa nimesema amekufa. Na hata hilo, alipokuwa ananitazama vile, sikulijua sana.

Nilimpigia mwenzangu wa Juba jioni ile ile, nimesimama mahali ambapo benchi lilikuwa. Haikunigharimu chochote. Simu iliita, akapokea, nikataja jina, la baba na la babu, akasema ataulizia. Baada ya siku chache akampata. Mtu mzima wa afya, fundi kwenye jengo moja nje ya mji. Simu yake ilikuwa imetumbukia mtoni pamoja na namba zote, na alikuwa anatafuta msafiri wa kuja Kakuma amtume. Simu moja tu kutoka kwangu mapema, na hakuna nywele ya mtu ambayo ingenyolewa.

Mume mwenyewe alimpigia mkewe. Sikuwepo, nilisimuliwa. Alicheka kwanza. Kisha akauliza ni akina nani waliokula chakula cha matanga yake. Kisha akakasirika, na hasira hakuimwaga kwangu, mtu asiyemjua. Aliimwaga kwa mkewe. Alimwambia alikuwa na haraka gani ya kumzika. Mama akaniambia maneno hayo akiwa anapanga sabuni, kama mtu anayetaja bei, nami nilijua yamemkata.

Nyumba Juba ilikuwa imekwisha kujengwa. Mume alitaka waende mara moja. Lakini wazee wao wakakaa wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai harudiwi ovyo ovyo. Mbuzi achinjwe, maneno yasemwe, na zaidi ya yote mke asimwendee na kichwa cha mjane. Angekuwa anamletea mume kifo chake mwenyewe mlangoni. Ziote kwanza, zisukike. Watoto nao wamalize mwaka wa shule. Wakakubaliana kwamba ataondoka Desemba, shule zikishafungwa, wale Krismasi pamoja.

Likizo ya Aprili nilimsimulia mama yangu yote, Lodwar, nikitumaini atanicheka. Mama yangu hakusoma, lakini kwa hukumu hana rufaa.

"Ulikunywa maji yake?" aliuliza.

"Nilikunywa."

"Ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimekaa."

Akavuta ukili akaukaza. "Basi ulimwambia. Hayo mengine ni ya shule."

Mwaka ule nikaupima kwa nywele. Benchi lilirudi mahali pake, na mimi nikarudi kwenye benchi kwa sababu hapakuwa na netiwaki kwingine, ingawa mara ya kwanza nilizunguka kambi nzima nikitafuta. Aliendelea kuniletea maji. Nilianza kunywa nikiwa nimesimama, akaniambia nikae, nisiwe mjinga. Siku nyingine aliinua kitambaa akanionyesha: "Ona, mwalimu, inaota." Zilikuwa fupi kama za mtoto mchanga. Kisha zikashikika kwa vidole. Yeye alionyesha kwa furaha, lakini mimi kila alipoinua kitambaa nilitaka kutazama pembeni.

Msimamizi wangu nilimwomba tuache kusema mzee. Nilimweleza kwa nini, na tangu siku hiyo ikawa pulsa, kwa Kiingereza, kama ofisini. Ajabu ni kwamba yule mama ndiye aliyelifufua. Nikikaa kupiga simu, alikuwa anauliza kutoka kaunta, "Leo mzee ya juu hajambo?" Wateja walikuwa wanacheka. Nami nilicheka nao, maana aliyekosa hana ruhusa ya kukataa utani, lakini utani huo ulinikaa vibaya mwilini. Afadhali angenitukana.

Na ni katika mwaka ule, kwenye benchi lile, nilipofahamu kosa la nyota yangu. Wenzetu wa nchi zenye mashine kubwa walikuwa wameanza kuachia upepo wa pulsa uende pande zote, juu, chini na kando, na si kwenye karatasi bapa kama mimi. Walipouachia, ile mikondo inayotoka kwenye ncha za nyota haikunyooka. Ilianza kupinda, ikajikunja, ikayumba, na ule ukili wa sumaku ukafumuka na kuvurugika. Haukuweza tena kubana. Na mshtuko, uliokuwa shingoni, ukasogea mpaka mahali pake pa heshima. Vurugu ndiyo iliyokuwa inakosekana. "Shida yako," msimamizi wangu aliniambia, "uliinyima pulsa nafasi ya kuyumba. Ulikaza kila kitu kiwe safi." Laptopu yangu isingeweza kazi hiyo hata ingepewa miaka. Niliandika sura ya mwisho nikisema wazi kwamba mfano wangu una kasoro na kasoro yenyewe ni hii. Ilikubaliwa. Nilipongezwa kwa ukweli wangu, na nikaona haya kupongezwa kwa hilo.

Mwezi wa kumi na moja nywele zilisukika. Alisuka mistari myembamba inayorudi nyuma, akaweka kitambaa kipya juu yake, na akapata nafasi kwenye lori la kabla ya Krismasi. Nilimuaga nikaenda Lodwar likizo nikiwa mwepesi. Nilijiambia kwamba yamekwisha, kwamba makosa mengine yanaota nywele na kufunikwa.

Katikati ya Desemba redio ikasema Juba kunapiganwa.

Nilifikiria lori. Nilimpigia, akapokea: lilikuwa halijaondoka na sasa halitaondoka. Mumewe hakuwa anapatikana. "Tunangoja," alisema, na sauti yake haikuwa na hofu nyingi. Alikuwa ameshafundishwa na mimi kwamba simu isiyopatikana si kifo.

Mwenzangu wa Juba aliletwa Nairobi kwa ndege pamoja na Wakenya wengine. Alinipigia akiwa bado hajalala. Alikuwa amefika mpaka kwenye lile jengo kabla ya kuondoka, akitafuta watu aliowafahamu. Alimwona fundi wetu kwa macho yake. Hakunieleza mengi, nami sikuuliza. "Mwambie wewe," alisema. "Namba yake ninayo lakini siwezi. Wewe unamjua."

Mama yangu alinifungia mkate na chupa ya maji, akaniambia nisimwambie kwa simu. Hakuwa na haja ya kuniambia.

Watu wameniambia baadaye, na mchungaji ndiye wa kwanza, kwamba nisijilaumu. Kwamba kama si nyota yangu, yule mama angekwenda Juba mwezi wa tatu pamoja na watoto, na wangekuwa ndani ya nyumba ile Desemba. Kosa lako liliwaokoa, husema. Huenda ni kweli. Lakini mimi sikukusudia kumwokoa mtu. Nilikuwa nacheka kwenye simu. Na ile miezi, kuanzia Machi mpaka Desemba, ambayo angekaa na mumewe kwenye nyumba yao, wakila, wakigombana juu ya mambo madogo, ile miezi niliila mimi. Sijui mizani ya kuweka mambo hayo mawili. Kila nikiyaweka, yanaelekea upande mmoja asubuhi na upande mwingine jioni.

Nilifika Kakuma mchana. Watu wapya walikuwa wameanza kuingia kutoka mpakani, na njia ya kwenda dukani ilikuwa na magodoro na sufuria na watoto waliolala juu ya mizigo. Duka lilikuwa wazi. Alikuwa anapimia mtu chumvi. Aliponiona alitabasamu akanisalimia kwa Kiturkana, utani wake wa siku zote: "Ejok, mwalimu." Nikaitikia. Akampa mteja chumvi yake, akanitazama tena, na lile tabasamu likabaki usoni bila kazi.

Nilikaa kwenye benchi. Sikukaa kushoto, penye netiwaki. Nilikaa kulia.

Aliingia ndani akatoka na kikombe cha buluu. Alikuwa amekijaza mpaka ukingoni, na hakumwaga hata tone akiwa anakuja. Nikakipokea nikakishika. Nilitamani asinilazimishe, tukae tu hivyo mpaka duka lifungwe. Yeye alisimama mbele yangu.

"Kunywa," alisema.

Nikanywa yote. Akangoja nimalize, akakichukua kikombe, akakaa upande wa kushoto.

"Mzee gani?" aliniuliza. "Ya juu ama yangu?"

"Wako, mama," nikasema. "Mzee wako amekufa. Ameonekana kwa macho."

Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza jambo la mbali. Nikajiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimekisikia uani kwake mwezi wa pili, nikadhani nakijua. Hakikuja. Wateja wawili walifika wakatusoma, wakarudi walikotoka.

"Safari hii hukucheka," alisema.

"Hapana."

"Mimi sina machozi yake, mwalimu. Nilimaliza yote ile siku ya nyota."

Akaweka kikombe chini, kati ya miguu yetu. Kisha akavua kitambaa kipya, akatafuta kwa vidole ncha ya msuko wa kwanza, na akaanza kufumua.